Korosho Zilizotikiswa

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumatano, 14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kile kikohozi kimekwisha, au bado unajitibu kwa ubishi? Mimi mzima. Mama mzima wa mwili, ila usingizi umemkimbia, na sababu ni wewe. Simu zangu hupokei tangu jana, kwa hiyo barua hii anakuletea dereva wa lori.

Korosho haichumwi. Inaning'inia chini ya bibo, tunda lake, mpaka iive, idondoke yenyewe, ndipo tuiokote, tuinyofoe, tuianike juani mpaka ukiitikisa sikioni ilie. Hili ulilijua kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Kisha ukasoma mahali kwamba mvua inakuja, ukampigia Baba Mdogo: tikiseni miti!

Mzee wa watu akatikisa. Zikaanguka mbivu, mbichi, hata maua. Zote zikaingia magunia yale yale, na magunia yakaingia ghala la kikundi cha wakulima pamoja na ya majirani. Jana mkaguzi akapasua za kwetu: kiini kimesinyaa, kinanata. Mzigo wa kikundi kizima umekataliwa. Sasa tumemwaga magunia uani, tunachambua moja moja. Na hiyo mvua yako hata tone hatujaliona.

Kikundi kinataka kumfukuza Baba Mdogo. Mama naye kamfungia mlango. Nilipomwambia amri ilitoka kwako, alinikata: "We Bi Redio, koma! Mwanangu amekulia chini ya mikorosho. Hawezi kusema upuuzi huo."

Baba Mdogo alikuwa barazani, anasikia. Nikamvaa: "Baba, si useme?"

"Niseme nini? Mama yake ana yeye tu wa kujivunia."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, asante sana.

Upole huo mimi siuwezi. Kikao cha kikundi ni Ijumaa asubuhi. Mpigie Mama kabla yake, umwambie kwa mdomo wako. Usiseme mtandao ulisumbua, usiseme ulieleweka vibaya. Usipopiga, nitasema mimi mbele ya wote, na unajua nikisimama sikai upesi.

Msalimie mkeo na watoto. Shangazi anakusalimu. Baba Mdogo naye anakusalimu. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema niandike hivyo hivyo.

Mungu akutunze, akulainishie ulimi.

Dada yako akupendaye, hata leo.