Kaka, Nimefika Penye Mawe ya Wamaya

Xiaobei, Guangzhou, China

Kaka Evarist,

Barua zote nilizowahi kukuandikia nilizianza kwa kusema mimi mzima, hofu yangu ni kwako wewe uliye mbali. Leo sijui nianzeje. Mimi si mzima sana, na kwako hofu imekwisha. Nimerudi juzijuzi tu kutoka kule ulikofia. Nimekaa juu ya robota la jinzi nyuma ya kiduka changu, laoban, yaani mwenye duka la jirani, amefungua redio kwa sauti kubwa, na mimi nakuandikia wewe kwa sababu katika familia yetu nzima ni sisi wawili tu tuliofika mahali pale.

Nianzie pale ulipotuacha.

Salum, mwenzako wa melini, ndiye aliyeleta habari. Meli ilipotia nanga hapa bandari ya Huangpu, alikuja Xiaobei akiulizia Watanzania, wakamwelekeza jengo la Tianxiu Dasha, akanikuta kwa wakala wa mizigo nikifungasha vitu vya kwenda Dar. Nilimtambua kwa ile picha mliyopiga pamoja sitahani. Nikafurahi. Nikatazama nyuma yake nikikutafuta. Kaka, nilitazama nyuma yake! Akavua kofia, akasema, "Dada Manka, kaa chini kwanza." Sikukaa. Nikamwambia kama ni kusema, aseme nikiwa nimesimama.

Akasema mlikuwa Guatemala, bandari ya Puerto Barrios, meli ikingoja ndizi. Akasema ulikuwa na homa ukaificha, maana baharia mgonjwa huachwa bandarini. Dereva wa lori la ndizi alikuwa amewaambia kwamba ndani ya mashamba kuna mji wa kale wa watu waitwao Wamaya, una mawe marefu yamesimama kama minara, na wewe ukasema huwezi kufika upande ule wa dunia ukarudi umeona makontena tu. Mkapanda lori. Mlipofika kwenye mawe ukaketi, na hukuinuka tena. Salum akakimbia kutafuta gari. Aliporudi, ulikuwa umeshakata roho. Meli ilikuwa inang'oa nanga jioni ile ile, na nahodha hakutaka maiti melini. "Dada, nina watoto," Salum aliniambia, macho chini. Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Alikuacha kwa mlinzi wa pale, mzee aliyeahidi kukuzika kijijini kwao. Kaburi lenyewe Salum hakuliona.

Nikapiga simu parokiani, padre akamwita mama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akauliza, "Kaburi liko wapi?" Nikasema sijui. "Nani ameliona?" Nikasema hakuna. "Basi mwanangu hajafa," akasema, akamrudishia padre simu.

Hivyo ndivyo kwetu Rombo kulivyokuwa baada yako. Hakuna matanga, hakuna misa. Watu waliokuja kutoa pole aliwarudishia mlangoni na chai hakuwapa. Baba mdogo Proches akaleta wazo kwamba tuzike mgomba badala yako, kama wazee walivyomfanyia mtu aliyepotelea mbali: lichimbwe kaburi kihambani, shambani pale nyumbani, kando ya kaburi la baba, ulazwe mgomba ndani, watu walie wamalize. Mama akamwangalia. "Mimi sikuzaa mgomba," akasema. Baba mdogo akachukua fimbo yake akaenda zake. Kila Jumamosi mama akawa anafua mashuka ya kitanda chako, mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu, anayaanika penye njia ili kila apitaye ayaone. Wakaanza kusema amechanganyikiwa. Mimi sikudhani hivyo. Nilidhani anasubiri mmoja wetu aende.

Nikaamua kwenda. Unajua pasipoti yetu inavyotazamwa. Nilipeleka karatasi zikarudi, nikapeleka tena. Wakati huo wote nilikuwa bado nashinda kwenye maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu nikinunua suruali, nabishana bei, nacheka na wenye maduka, maana wateja wa Kariakoo hawajui kama umefiwa. Nikiwaona wapagazi wanavyovuta marobota kwenye vitoroli nilikuona wewe, ile mara moja ulipokuja kunitembelea. Ulininyang'anya robota ukalitia kichwani, kama tulivyokuwa tukibeba ndizi kwenda soko la Mwika, na Wachina wakasimama barabarani wakakupigia makofi. Shingo ikakuuma mpaka ukashindwa kugeuka kuniaga bandarini. Ulikataa kukiri. Ulisema ndivyo mabaharia wanavyoaga.

Kabla visa haijatoka, kimbunga kikapiga nchi zile. Nilikiona kwenye televisheni mgahawani. Maji ya matope yamefika kwenye mapaa, ng'ombe wanaelea. Kichina cha mtangazaji sikukielewa ila ramani niliielewa. Niliacha chakula changu mezani nikatoka nje. Nikajiambia, watu wenye akili huzika mahali pa juu. Nilijiambia hivyo kwa miezi.

Puerto Barrios nilifika nimechoka hata jina langu nilitamka vibaya. Pale kituo cha basi nikamkuta mwanamke mweusi kama sisi, anauza mikate ya nazi kwenye kapu. Anaitwa Dorotea. Kumbe pwani ile kuna watu weusi tangu zamani, Wagarifuna, na wengi wao wanajua Kiingereza. Aliniuliza natokea kijiji gani cha kwao. Nilipomweleza, aliifunika mikate yake kwa kitambaa akasema, "Hutaenda peke yako kutafuta kaburi."

Kaka, mbona Salum hakuniambia kuhusu migomba? Njia nzima ni migomba. Imepangwa kwa mistari kama askari, haina kahawa chini yake, haina mtu anayejua upi ulipandwa na bibi na upi uliletwa na mjomba. Mikungu yake imevishwa mifuko ya plastiki ya buluu, inasafiri juu ya waya, inakatiza barabara, na magari husimama kuipisha. Nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, imeoza kwa mafuriko. Nikawaza jinsi ulivyopita hapa juu ya lori, mwili unachemka, unaitazama. Lazima ulifikiri homa imekurudisha nyumbani.

Kisha migomba ikaisha ghafla, tukatokea kwenye uwanja mpana wa majani, na mawe yamesimama. Kila jiwe limejengewa kipaa cha makuti. Kwenye jiwe kuna mtu amechongwa, amesimama wima, uso mpana, wengine wana ndevu, kichwani amebeba mataji juu ya mataji, na ubavuni kuna maandishi yao, vichwa na mikono na wanyama vimebanana ndani ya miraba. Jingine ni refu hata nilishika shingo kulitazama. Pembeni kuna mabonge ya mawe yaliyochongwa kama madudu, na ndani ya kinywa cha dudu moja amekaa binadamu. Dorotea alinisomea ubao. Ulikuwa mji. Kulikuwa na soko, na watu waliokuja kwa mto na bidhaa zao, kama sisi tunavyokuja hapa. Mfalme wa pale alimkamata mfalme wa mji mwingine akamkata kichwa, halafu akasimamisha mawe haya ili jambo hilo lisisahaulike. Baadaye watu wakaondoka wote. Miaka zaidi ya elfu. Kwa nini waliondoka, hakuna mwenye hakika.

Nilidhani nitastaajabu. Sikustaajabu. Maji yalikuwa yamepita hata pale, miguu ya wafalme ilikuwa na rangi ya tope hadi usawa wa magoti yangu, mbu wananiuma, na mimi nilimchukia yule mfalme. Amemchinja mwenzake, na jina lake bado wataalamu wanalisoma. Wewe ulimkosea nani?

Mzee mmoja alikuwa anafyeka majani kwa panga. Aliponiona akaliweka chini, akavua kofia, akamwambia Dorotea kabla hata hatujamsalimu, "Huyu ni wa yule Mwafrika." Alinitambua kwa paji la uso. Ndiye yule mlinzi, anaitwa Tino. Akatupeleka mpaka kwenye jiwe lako, maana mimi naliita lako sasa, lile la mwisho upande wa miti mikubwa. Akaketi chini, mgongo kwenye ukingo wa msingi, miguu ameinyoosha, akasema ulikaa hivi.

Alisema Salum alipokimbia, yeye alikuja na kibuyu cha maji. Ukanywa kidogo ukatapika. Akakulowesha shati, akakuwekea kichwa mapajani mwake kwa sababu ulikuwa unakigonga kwenye jiwe. Ulizungumza sana, kwa lugha asiyoijua, ukinyoosha mkono kule kwenye ndizi, na mara moja ulicheka. Yeye alikuwa anajibu tu, ndiyo, ndiyo, ili usione uko peke yako. Akaona rozari shingoni mwako. Basi akakusalia Baba Yetu na Salamu Maria, akarudia na kurudia, na midomo yako ikawa inamfuata, na baadaye haikumfuata tena. Alilieleza hili taratibu huku akitazama mapaja yake. Dorotea alitafsiri mpaka sauti ikamkatika, tukakaa wote watatu chini pale.

Nikamwambia Tino sasa anipeleke kaburini.

Akatazama pembeni. Akaniambia kitu, Dorotea hakukitafsiri. Nikasema twende.

Kijiji chao kiko mtoni. Kanisa limesimama, ukuta mmoja umeanguka, na kando yake kuna rundo la misalaba ya mbao, imevunjika, imefutika, imekusanywa kama kuni. Tukapita kanisa, tukafika mahali ardhi inapokatika. Hapakuwa na mteremko. Ilikuwa imekatwa kama mkate, na chini yake mto, mpana, mzito, rangi ya kahawa ya maziwa. Tino akanyoosha kidole. Alikielekeza majini.

Hapa Guangzhou neno la kwanza tulilojifunza ni meiyou, hakuna. Kule wanasema no hay. Tino alilisema mara mbili.

Walikuwa wamekuzika vizuri, kaka. Jeneza la mbao za shamba. Msalaba ulioandikwa Evaristo, kwa kuwa Salum alimtajia jina lako la kwanza tu, na chini yake, Mwafrika. Wanawake wa kijiji waliimba. Kisha mvua ya kimbunga, na mto ukahama njia, ukachukua makaburi pamoja na waliokuwemo.

Nilimpigia kelele mzee wa watu. Kwa Kiswahili, kwa Kichagga, sikumbuki. Kwa nini hamkuzika mlimani? Mtu gani anazika mtoto wa mwenzake kwenye ukingo wa mto? Nikashuka kwenye tope mpaka maji yakanifika kiunoni, nikatia mikono ndani nikapapasa. Sijui nilitafuta nini. Nilishika mizizi. Dorotea alinivuta kwa kanga, na tulipokuwa tumekaa juu akaniambia polepole, "Mke wa Tino naye alikuwa humo. Walimzika kabla ya kaka yako, kaburi la pili kutoka lake."

Nikamtazama Tino. Alikuwa amesimama pale pale, ameshika kofia kwa mikono miwili. Nikainuka nikamwomba radhi, nikamuuliza jina la mkewe. Rosalia. Nikamshika mkono, tukasali pale, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yetu, tunatazama maji.

Niliporudi hapa Guangzhou nilizunguka siku nzima kabla ya kwenda kibanda cha simu. Niliogopa, kaka. Nilikuwa nimevuka dunia nimerudi mikono mitupu. Mama alipokuja kwenye simu hakunisalimu. "Umeliona?"

"Hapana, mama. Mto umelichukua."

Nilisikia kuku wa padre. Nikajua sasa ataweka simu, na kila Jumamosi atafua mashuka hadi afe. Kisha akauliza, "Alikufa peke yake?"

"Hapana, mama. Mzee mmoja alimpakata kichwa. Akamsalia Baba Yetu mpaka mwisho."

"Kwa lugha gani?"

"Kihispania."

Akafikiri. "Mungu anakijua," akasema. Halafu nikamsikia analia, kwa mara ya kwanza, kilio kile cha kwetu cha sauti, padre anamwita jina, na katikati ya kilio akasema, "Manka, waambie watu waje."

Wamekuja. Baba mdogo ameniambia kwenye simu kwamba wameweka matanga, na kwamba watu walijaa hadi barabarani. Misa yako kubwa wanaingojea Krismasi nifike. Nitapanda Rombo, nitasimama mbele ya wote, nitawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, na aliyesema mama amechanganyikiwa atasikiliza akiwa amesimama.

Kukurudisha sikuweza. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nilijaribu. Kwaheri, kaka. Lala popote mto ulipokulaza. Padre ameniahidi, nami nakuahidi wewe, kwamba siku hiyo yatasomwa majina mawili: Evarist wa Rombo, na Rosalia mke wa Tino, ambaye huko kwetu hakuna amjuaye.

Mdogo wako,
Manka