Jumapili ya Tambi Ndefu

Mengo, Kampala
12 Desemba 1976

Kwa kaka yangu Ogutu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio nyumbani mwako. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu sasa mvua zimepungua, na kwamba mahindi ya msimu huu hayakuozea shambani kama ya mwaka jana. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Ukiniona leo huwezi kusema nimekonda.

Najua nimekaa kimya tangu Agosti. Barua zako zote mbili zilinifikia. Sikuzijibu kwa sababu barua za posta ya hapa hufunguliwa na watu tusiowajua, na niliyokuwa nayo hayakufaa kusomwa nao. Hii haitapita huko. Mama Ligaya anapanda ndege kwenda Nairobi siku ya Alhamisi, naye ataitia posta akifika. Kwa hiyo naandika bila kuficha. Nakuomba tu uisome peke yako kwanza, kabla ya kumsomea Mama.

Mama Ligaya ndiye mwajiri wangu. Nadhani sijawahi kukueleza vizuri habari zake, maana nilizoea kuandika tu kwamba napikia Wazungu. Si Wazungu. Wametoka Ufilipino, nchi ya visiwa iliyo mbali sana upande wa mashariki. Mumewe, Bwana Teofilo, anafundisha hesabu chuoni. Mtoto wao ni mmoja, Ligaya. Jina la mama ni Remedios, lakini mtaani hapa Mengo hakuna aliyeliweza, akaitwa kwa jina la mwanawe kama wanawake wengine, na yeye akapenda.

Aliponiajiri nilidhani nitapika na yeye atakula. Haikuwa hivyo. Siku ya kwanza alinikuta jikoni namenya viazi, akavua viatu, akachukua kisu cha pili. Tangu hapo tumepika pamoja miaka mitatu. Kiswahili chake alikipata kwenye hilo jiko, ndiyo maana anajua kusema "kaanga" na "chuja" kuliko anavyojua kusalimia wakubwa. Mimi nami nilijifunza kuku wao wa siki, anayepikwa na vitunguu saumu na pilipili manga mpaka mchuzi unakauka. Siki hainunuliki Kampala, kama vile sukari, chumvi na sabuni zisivyonunulika, basi tuliitengeneza wenyewe kwa ndizi za bogoya zilizoiva kupita kiasi, tukiziacha kwenye mtungi mpaka zichachuke. Supu yao ya ukwaju tuliipika kwa ukwaju wa Kitgum, aliotuletea Lamunu, jirani yetu, Mwacholi, mke wa sajini wa polisi. Wana pia kitu kama sambusa, ila kimekunjwa mfano wa sigara. Cleopas, ndugu yetu, aliwahi kula ishirini akiwa amesimama.

Jambo moja nililopenda kwa watu hawa ni kwamba kwao sherehe haina mlango. Wakipika cha sikukuu, jirani lazima aonje, na asiyekuja hupelekewa sahani. Krismasi ya mwaka jana nilipeleka sahani kumi na saba, nikiwa nimezifunika kwa majani ya mgomba. Meza yenyewe huitandika majani ya mgomba, wakamwaga wali katikati, mboga na nyama pembeni, na kila mtu akala kwa mkono. Waganda waliokuja walicheka, wakasema basi hawa ni watu wa hapa hapa waliopotea njia.

Cleopas alikuja kila Jumapili. Gereji aliyofanyia kazi kule Nateete ilifungwa siku hiyo, naye alitembea kwa miguu hadi Mengo baada ya kanisa. Alimtengenezea Bwana Teofilo gari, akakataa malipo, akasema atalipwa kwa sambusa. Ligaya alimwita mjomba.

Sasa nafika Julai.

Mambo ya uwanja wa ndege wa Entebbe mliyasikia redioni. Wiki ile ile watu wa serikali walianza kuwatafuta Wakenya. Walisema Kenya imewasaidia waliokuja kushambulia. Wengine walichukuliwa sokoni, wengine kazini. Huko Nateete walikwenda gereji kwa gereji. Cleopas alitoka kwa mlango wa nyuma siku ya Jumanne, akaenda kujificha Kamwokya kwa rafiki yake, mshona viatu. Mimi nilikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa sisi Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka, na Kiganda changu hakina kasoro. Kadi yangu ya Kenya niliichoma jikoni. Yeye hakuichoma yake. Alisema bila kipande hicho atavukaje akifika mpakani.

Jumapili ya tarehe kumi na moja Ligaya alikuwa anatimiza miaka saba. Bwana Teofilo alisema mwaka huu tupike kidogo tu, tufunge mlango. Mama Ligaya alikataa, akasema mtoto hatimizi saba mara mbili. Kwao siku ya kuzaliwa lazima ziliwe tambi ndefu, na tambi hizo hazikatwi kwa kisu wala kwa meno, maana urefu wake ndio urefu wa maisha ya mwenye siku. Tambi za dukani hazikuwapo, kwa hiyo Jumamosi nzima tulikanda unga wa ngano na mayai, tukausukuma, tukakata nyuzi ndefu na kuzianika juu ya kamba ya nguo chumbani. Tulitoa jasho. Nilicheka sana siku ile, kaka, siwezi kukuficha.

Saa nane mchana wa Jumapili tulikuwa mezani watu sita: wenye nyumba watatu, Lamunu, mimi, na Cleopas. Tulikuwa tumekwisha kuomba na kuanza kula. Cleopas alikuwa ameinua tambi juu ya kichwa chake ili ziingie mdomoni bila kukatika, mtoto anamhesabia kwa kelele, ndipo lango likagongwa. Hawakungoja kufunguliwa.

Waliingia watatu. Mmoja alivaa sare, wawili mashati ya kawaida. Wa sare ndiye aliyekuwa mkubwa. Alikuwa na mafua, akawa anajipangusa pua kila mara kwa kitambaa cha kijani. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika njia yetu. Aliangalia meza, akauliza, "Nyinyi nakula nini hapa?" Bwana Teofilo alimjibu kwa upole kwamba ni siku ya mtoto, na kwamba waliopo ni wageni wake.

Akaanza na mimi. Akauliza natoka wapi. Kabla sijafungua mdomo, Lamunu alisema mimi ni mke wa shemeji yake, Msamia wa Uganda, wa Busia ya upande huu wa mpaka. Alisema bila kutetemeka, akataja cheo cha mumewe na kituo chake. Wakati ule Waacholi wenyewe walikuwa hawana usalama, hata wa polisi. Sijui alipata wapi moyo ule. Yule mtu akanitazama, akapita.

Akamwambia Cleopas asimame. Mmoja wa wenye mashati alimpapasa, akatoa kipande kwenye mfuko wa shati lake, akakipeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa akakisoma taratibu, akipiga chafya.

"Huyu nani leta hapa?"

Bwana Teofilo alisema ni fundi wa gari lake na ni mgeni wake, na kama kuna kosa basi waandikiane na chuo. Cleopas akasema amekuja mwenyewe kuangalia gari, akakaribishwa chakula, hamjui mtu mwingine humu ndani. Alisema hivyo akitazama sahani yake.

Ndipo mwenye sare akanigeukia mara ya pili. Nadhani aliona. Wewe unajua jinsi tunavyofanana, paji la uso la Baba na pengo lile la meno. Akaniuliza, "Wewe mama, huyu najua yeye?"

Nikasema, "Simjui. Ni fundi wa gari."

Sauti yangu haikubadilika. Mtoto akafungua mdomo aseme, na mama yake akamkamata bega, akamnong'oneza neno la kwao.

Yule mtu aliniangalia mimi, akamwangalia Cleopas, kisha akacheka. Akavuta kiti na kuniambia niwapakulie. Niliwapakulia, kaka. Niliwapakulia kuku, nikawapakulia wali, nikaweka tambi juu. Walikula upesi wakiwa na njaa. Walizikata tambi kwa meno na zilizobaki zikaning'inia ukingoni mwa sahani. Mama Ligaya hakuwakataza. Cleopas alisimama pale ukutani muda wote waliokula, mikono ameiweka mbele.

Walipomaliza walimchukua. Mlangoni alimshukuru Mama Ligaya kwa ukarimu wake, kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia, akasema, "Asante kwa chakula, mama." Hivyo tu, kama mtu anavyomshukuru mpishi wa nyumba ya watu. Gari lao lilikuwa jeupe. Lilielekea upande wa mjini.

Mimi niliwaandikia kwamba Cleopas alikamatwa Nateete, njiani, na mimi nilipata habari siku ya pili. Sasa unajua kwamba haikuwa hivyo. Lakini hilo silo lote, na lililobaki ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ijumaa ile, siku mbili kabla, Cleopas alinitumia ujumbe kwa Filda, anayetuletea mboga kutoka Kamwokya. Alisema kuna lori la mkaa linaondoka Jumamosi alfajiri kwenda karibu na mpaka, dereva ni mtu wanayemwamini, atajilaza chini ya magunia matupu na Jumamosi jioni atakuwa nyumbani. Aliuliza tu kama nina la kumwagiza kwa Mama. Lori hilo lilikwenda. Filda aliniambia baadaye kwamba vijana wawili wa Kimilili walikuwamo na walifika salama.

Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia Filda amwambie asiondoke bila kula. Nilisema amekonda kwa kujificha, aje Jumapili, kuna sherehe ya mtoto, nyumba ya wageni wa serikali askari hawaiingii, lori litapatikana tena Jumatatu. Mama Ligaya hakuniagiza niseme hivyo. Hakujua hata habari za lori. Nilitaka ndugu yangu ale. Nilitaka pia aone tambi nilizozitengeneza kwa mkono wangu. Sina sababu kubwa kuliko hiyo.

Bwana Teofilo alikwenda kuuliza mara tatu kwenye ofisi zao, na mara ya tatu akaambiwa asirudi. Hakuna aliyetuambia neno. Kwenye barua yako ya Oktoba uliniuliza kama wazee waite matanga, na kama Ajwang, mke wa Cleopas, wa marehemu au wa aliye hai, avue mapambo yake. Siwezi kuwaambia mwite, wala siwezi kuwaambia msiite. Mimi nimemwona akitoka mlangoni kwa miguu yake. Baada ya hapo sijui.

Katika nyumba hii hakuna aliyenilaumu. Mama Ligaya alilia kwa ajili yangu kuliko nilivyolia mimi. Lamunu alisema ningesema ndiyo tungechukuliwa watatu, maana na yeye alikuwa amekwisha kunishuhudia. Hesabu hiyo naiona na ni kweli. Ni Ligaya peke yake aliyeniuliza, mwezi wa tisa, nikimsuka nywele, kwa nini nilisema simjui mjomba. Nilimwambia niliogopa. Akasema yeye pia aliogopa lakini alikuwa anamjua. Hakusema kwa ubaya. Niliendelea kusuka mpaka nikamaliza.

Mkataba wa Bwana Teofilo umekwisha na wote wanarudi kwao. Walitaka kunitafutia nafasi kwa mwalimu mwingine. Nimekataa. Nitapanda basi la Busia tarehe ishirini na tatu, Mungu akipenda, njia sasa ziko wazi. Sitaki unipokee stendi. Kabla sijafika, msomee Mama barua hii, kisha msomee Ajwang, tena yote, usiruke habari za lori. Akitaka kujua kama mumewe alikuwa na njaa, mwambie alikuwa amekula sahani moja na nusu. Nilikuwa naangalia.

Nitatembea kutoka barabarani hadi nyumbani. Sitaingia ndani. Nitafika jikoni kwa Ajwang, nibishe hodi, nisimame nje. Akinipa kiti nitakaa. Asiponipa nitasimama, na atakaponiambia niondoke nitaondoka, wala usimwingilie.

Nisalimie Mama, umpake dawa mguuni hata akikataa. Wasalimie watoto wako mmoja mmoja kwa majina yao, na walimu wenzako. Mama Ligaya anawasalimu, ingawa hamjuani naye.

Ni mimi dada yako,
Nafuna