Tetemo Si Mchawi

Kipawa
Jumatatu, 3 Machi 2025
Asubuhi: mawingu mazito, joto, hakuna upepo.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limetulia. Mimi sijambo. Dukani bado nachapa na kutoa kopi kutwa nzima nimesimama. Jioni narudi chumbani, napika kidogo, naandika.

Umeuliza habari za Tetemo wa kwenye hadithi yangu. Ukweli ni kwamba hanunuliwi. Tangu nimtoe mwezi wa kwanza nimeuza nakala kumi na nne kwenye simu, na saba kati ya hizo ni za wanakwaya wenzangu walionionea huruma. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Kiwalani kwa Audax, yule mwenye maktaba ya simulizi mtandaoni. Ana wasomaji zaidi ya elfu ishirini. Alisoma sura ya kwanza mbele yangu huku anakunywa supu.

"Sista, hii umeiandika kama nini?"

"Hadithi ya shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida."

"Shujaa hana rafu kwangu. Nina mapenzi, nina kijasusi, nina kichawi. Mwaka juzi watu walitaka bosi na dada wa kazi. Mwaka huu ni kichawi, mwakani Mungu anajua. Huyu mama anapaa?"

"Hapai. Masikio yake yamekufa, anasikia kwa nyayo. Anajua mtu anakuja kabla hajafika mlangoni. Anajua ukuta upi utaanguka na nani yuko chini yake."

"Usiku anatembea?"

"Anatembea."

"Peku?"

"Ndiyo, ili aisikie ardhi."

"Sasa sista, mie na wewe tumekulia wapi? Huyo ni mchawi. Niachie nimpange kichawi, wiki mbili tu utanitafuta kunishukuru."

Nilimwambia nitafikiria. Nakuuliza wewe kwa sababu Tetemo umenipa wewe. Ulinieleza kwamba baada ya ile homa kukuondolea masikio, ulianza kumjua mgeni kwa sakafu. Hayo mengine nimeongeza mimi. Unaonaje?

Barua anakuletea Hamisa wa pweza, kama kawaida. Usiache kumjibu salamu zake, hupenda sana.

Mtoto wako,
Jesca

---

Kimbiji
9 Machi 2025

Jesca mwanangu,

Marahaba. Milele amina. Barua nimeipata Ijumaa, ina harufu ya pweza lakini inasomeka. Goti liko vile vile, tumeshazoeana. Mvua bado.

Kuhusu huyo Audax: usikubali. Unajua nilishika ufunguo wa kabati la vitabu pale shuleni miaka kumi na tisa. Siku moja mwalimu mwenzangu alikiweka kitabu cha ufugaji wa nyuki upande wa hadithi. Mtoto mmoja wa darasa la tano akakisoma chote, akaja kuniuliza malkia mwishoni aliolewa na nani. Nilicheka, lakini yule mtoto hakuwa mjinga. Aliambiwa ni hadithi, akaisoma kama hadithi. Mtu husoma kile alichoambiwa anasoma.

Na huku kwetu mwanamke mzee anayeishi peke yake hahitaji kusukumwa sana ili aitwe jina hilo. Mwache Tetemo na watu wake kumi na wanne. Mimi darasani nilianza na tisa.

Unaniuliza kila mara kama napata watu wa kuongea nao. Nitakujibu mara moja, usiulize tena. Tangu masikio yaondoke, watu nao wameondoka pole pole. Hawana ubaya. Kuandika kwenye ubao kila unachotaka kumwambia mtu ni kazi, na wana kazi zao. Hunipungia mkono, wanapita. Ndiyo maana barua zako nazisoma mara tatu.

Shangazi yako,
Editha

---

Kipawa
Jumanne, 22 Aprili 2025
Asubuhi: mvua tangu alfajiri, njia ya kwenda dukani imejaa maji hadi magotini.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka, ingawa imechelewa. Nisamehe kwa kutokuja, na kwa kukaa wiki sita bila kuandika. Mvua zilikuwa nyingi, na dukani tulikuwa wawili tu. Je, hujambo? Paa halivuji?

Nina habari njema. Tetemo anasomwa. Hadi juzi wamemnunua watu elfu mbili mia tatu na kidogo. Wananiandikia ujumbe hadi nashindwa kujibu, wanataka sehemu ya pili. Mmoja wa Mbagala ameniambia amemsomea mama yake kwa sauti, akarudia mara mbili.

Nakutumia kitenge na boksi la chaki kwa ajili ya ubao wako. Nitakuja mvua zikipungua.

Mtoto wako,
Jesca

---

Kimbiji
4 Mei 2025

Jesca mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Paa linavuja pale pale, nimeweka beseni. Kitenge ni kizuri mno kwa mtu wa umri wangu, nitakivaa hivyo hivyo. Chaki zimekuja wakati wake, na nitakueleza kwa nini.

Nina wageni. Sijui nianzie wapi. Walianza baada tu ya Pasaka, kwanza wawili, mtu na mama mkwe wake, wakakaa nusu saa wakinitazama. Kisha wengine. Jumatano walikuwa watano kwa wakati mmoja, ikabidi niazime mkeka. Wanaacha viatu nje, wanakaa, wanaandika kwenye ubao bila kuchoka. Wananiuliza mambo kama walivyokuwa wakiniuliza wazazi wa wanafunzi zamani. Kijana amuoe nani, shamba liuzwe au lisiuzwe. Mama mmoja aliandika: "Nani kachukua simu yangu?" Nikaandika na mimi, maana sauti yangu siiamini tena: "Nitajuaje? Muulize aliyelala karibu nayo." Akacheka sana. Kesho yake akarudi na mayai, eti kweli alikuwa shemeji yake.

Wengine wanatoka Buyuni kwa miguu. Nimenunua vikombe vinne. Tangu mume wangu, Mzee Venance, afariki sijawahi kuchemsha chai ya watu zaidi ya mmoja, na nilikuwa nimesahau kiasi cha majani.

Nadhani watu wamegundua kwamba kuwa kiziwi si kuwa mbali. Namshukuru Mungu.

Ila hujaniambia ulimjibu nini Audax. Nimetafuta kwenye barua yako, sijaona.

Shangazi yako mwenye wageni,
Editha

---

Kipawa
Jumapili, 18 Mei 2025
Asubuhi: mawingu, manyunyu, baadaye jua kali.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama hujambo, na leo naogopa kuuliza.

Barua yako ya tarehe 9 Machi, ile ya kitabu cha nyuki, niliipokea tarehe 11. Nimefungua daftari langu kuhakikisha. Tarehe 12 nimeandika hivi: "Nimemwambia Audax sawa." Kwa hiyo ulinikataza, nikasoma, nikalala, na kesho yake nikafanya. Tetemo yuko kwenye rafu ya kichawi tangu wiki ile. Audax alimtengenezea jalada lenye kikongwe mwenye macho mekundu. Nililiona kabla halijatoka na nikanyamaza.

Kuna kosa jingine, nalo ni langu peke yangu. Nilipoandika sikuwa na wasomaji, nikaacha jina la Kimbiji humo ndani, na mwalimu mstaafu, na ubao, na mlango wa bluu. Sikufikiri kwamba kuna mtu angetafuta.

Wageni wako, Shangazi, hawaji kwa mwalimu.

Tarehe 6 Mei, nilipopata barua yako ya furaha, nilijua papo hapo. Nimeandika daftarini: "Shangazi ana vikombe vinne. Nimwache afurahi wiki moja." Kisha nikaongeza wiki nyingine. Ningeendelea hivyo. Lakini jana Hamisa alipoleta pweza alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mie nilidhani unajua," akasema. "Kule wanamwita Bibi Tetemo. Binti wa duka la kule anawasomea kwenye simu kila jioni. Sasa mama mmoja, Zubeda, kampeleka mwanawe mwenye degedege, kamlaza barazani kwa shangazi yako. Hataki kumpeleka zahanati."

"Mtoto yuko wapi sasa?"

"Mie niliondoka alfajiri, wakiwa bado pale."

Kukupigia siwezi, na simu ya kusomea ujumbe huna. Nimempa Hamisa nauli arudi leo leo na barua hii, ingawa siku yake ya kwenda ni Alhamisi. Kama mtoto bado yupo hapo, tafadhali waambie wewe si Tetemo. Niambie kimetokea nini. Chochote.

Mtoto wako,
Jesca

---

Kimbiji
1 Juni 2025

Jesca,

Mtoto ni mzima. Nianze hapo kwa sababu ndipo ulipo moyo wako, na wangu pia.

Hukuhitaji kuniambia kuhusu degedege. Nilimwandikia Zubeda ubaoni: ZAHANATI, kwa herufi kubwa. Akafuta, akaandika: "Shika tu miguu yake." Nikaandika tena, akafuta tena. Niliona huyu mama amechanganyikiwa. Nikambeba mtoto mwenyewe, na goti langu, mama akinifuata analia. Njiani watu walitoka nje ya nyumba wakasimama kututazama. Nilidhani ni heshima kwa mgonjwa. Ilikuwa malaria, akawekewa dripu, siku ya tatu akaomba uji.

Barua yako niliikuta mezani niliporudi kutoka zahanati. Nikaelewa waliposimama walikuwa wanatazama nini.

Jumanne walikuja sita. Niliandika ubaoni kwamba kile ni kitabu cha kutunga, kimetungwa na mtoto wa kaka yangu, na kwamba mimi ni kiziwi tu. Wakasoma. Mmoja aliandika: "Bibi unajificha." Wengine walivaa viatu. Siku mbili baadaye alikuja mmoja kudai kuku aliyekuwa ameniletea zawadi. Tangu hapo hajaja mtu, na wale waliokuwa wakinipungia mkono siku hizi wanapita upande wa pili wa njia. Wale walioamini na wale wasioamini wote wamepata sababu ya kutokuja.

Sasa sikiliza, na hili usiliandike vizuri kuliko lilivyo. Kuitwa mchawi nimekusamehe. Nimeitwa mengi na wazazi wa wanafunzi. Kinachonichoma ni zile wiki mbili. Ulisoma barua yangu nikihesabu vikombe, ukajua, ukaniacha nichemshe chai. Nimekaa nikikumbuka kila nilichowaambia wale watu, jinsi nilivyotabasamu, jinsi nilivyojipanga asubuhi kwenye kiti nikiwasubiri. Wewe ulikuwa unanitazama kutoka Kipawa kama unavyomtazama mtu wa kwenye hadithi yako.

Anayekuja bado ni Zubeda peke yake. Analeta mchele wake, tunachambua pamoja, haandiki kitu. Sijui anaamini nini. Sijamuuliza.

Usije kwanza. Nitakuita.

Shangazi yako,
Editha

---

Kipawa
Jumapili, 10 Agosti 2025
Asubuhi: baridi kidogo, anga safi, upepo wa kusi.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo, na goti, na paa. Hii ni barua ya nne tangu ile yako ya Juni. Sijui kama hizo tatu umezisoma, kwa hiyo narudia yaliyo muhimu.

Tetemo nimemtoa kwa Audax siku ile ile niliyopata barua yako. Alinitazama kama nimeugua. "Sista, ushamwaga maji, utayazoa na nini?" Ni kweli, nakala zilizokwisha kutoka bado zinazunguka kwenye simu za watu na lile jalada, na siwezi kuzifuata. Nilichoweza ni kuwaandikia wasomaji wote niliokuwa na namba zao kwamba hakuna kijiji hicho wala bibi huyo, ni hadithi ya shujaa niliyoibuni. Wengi hawakujibu. Mmoja aliandika: "Kumbe ya kubuni? Nirudishie bando langu."

Nimemtoa upya, kijiji nimekiondoa, na juu ya jalada nimeandika Hadithi ya Shujaa. Hiyo ni tarehe 28 Juni. Hadi leo wamenunua watatu. Wanakwaya safari hii hawakununua, wanasema walishamsoma.

Wiki iliyopita Audax alinipigia. Kichawi kimeshuka, anasema, sasa watu wanataka mapenzi ya wastaafu. "Yule mama yako hana mchumba? Mpe mchumba tumrudishe." Nikakata simu. Baadaye nilikaa nikafikiri kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyenipigia wiki nzima.

Nimejaribu kuandika sehemu ya pili. Tetemo anafika mlangoni kwa watu, naye ameshajua ndani kuna wangapi. Kisha sijui nimfanyie nini. Zamani ningekuuliza. Sasa kila sentensi nikiiandika nauliza kama nakutazama tena. Nimefika ukurasa wa sita nikasimama.

Jana Hamisa aliniletea pweza. Nilimuuliza kama barua ya Julai ilifika.

"Nilimpa mkononi."

"Kaisoma?"

"Kaiweka mfukoni mwa kanga, kaendelea na mchele. Yeye na Zubeda."

"Hakusema kitu?"

"Kaniuliza pweza bei gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Kasema ghali."

Nilitaka anieleze zaidi, ulikuwa umevaa nini, kama umekonda, kama ulicheka. Akasema, "We Jesca, mie muuza pweza." Ana haki.

Siji, kama ulivyosema. Sikuombi uniite. Nakuandikia tu kwamba nipo, chumba ni kile kile, na kwamba uliyosema kuhusu zile wiki mbili ni kweli yote, sina la kupunguza.

Mtoto wako,
Jesca

Alhamisi asubuhi, kabla Hamisa hajapita: anga safi tena. Bahasha nimeifunga, nikaifungua kuongeza hili. Taa nilizima saa sita na nusu. Usingizi ulinichukua saa tisa na dakika ishirini.