Jina Nisilolisahihisha

Mdogo wangu mpendwa, kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na wifi bado anakugombeza kwa kula umesimama. Mimi mzima, ila kichwa kinanizunguka, na nisipokuandikia wewe sijui nimwambie nani.

Kazi yangu unaijua: natunza hifadhidata ya ofisi inayowatafuta ndugu waliopotezana wakati wa kukimbia vita. Juma lililopita umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika, na jedwali la majina likaharibika. Nakala ya akiba nayo ilikuwa na kasoro, basi nikalifufua mstari kwa mstari. Majina mengine yalirudi mazima, mengine yamevurugika herufi. Ruhusa zote zilifutika. Mistari ya siri, ambayo wenyewe waliomba isionwe, ilikaa wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Ndipo nikaona mstari wa mwanamume, fundi saa, umri sawa na wa kaka yetu aliyepotea vitani. Jina rasmi lilikuwa geni kwangu. Kwenye nafasi ya jina la nyumbani paliandikwa Kachuku.

Mkuu wangu, anayenitania kwamba mimi na mashine hii tumezeeka pamoja, alipita nyuma yangu akasema hizo ni herufi zilizoharibika, bila shaka ni Kasuku, nisahihishe tusonge mbele. Niliweka kidole kwenye kitufe, kidole kikagoma kubonyeza. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni macho tu.

Sote tulimwita kaka Kasuku, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Wewe peke yako, ulimi ukiwa bado mzito, ulimwita Kachuku, naye akakataa katakata usirekebishwe. Labda ni uharibifu kweli. Lakini uharibifu umeujuaje ulimi wako wa utotoni? Na kama ni yeye, yule tuliyemlilia tukanyamaza, mbona alibadili jina? Alikuwa anamkimbia nani? Nawaza hili, nawaza lile, sipati pa kushika.

Chini yake kuna sharti: habari zake asionyeshwe yeyote, ila atakayemtafuta kwa jina hilo la nyumbani.

Nimerudisha ruhusa zote zilivyokuwa. Mstari ule nimeufunga hata kwangu, kwani mfanyakazi haruhusiwi kufungua habari za ndugu yake. Mji wake niliuona, sitautaja. Ila nakiri kwamba kukuandikia haya tu nimevunja kiapo cha kazi, na wakijua watanifukuza. Kama nimefanya vema au vibaya, sijui.

Nenda ofisi yetu iliyo karibu nawe, omba atafutwe. Karani akikuambia umekosea kuandika, usimkubalie. Mwandikishe kama ulivyokuwa ukimwita.

Nisalimie wifi na watoto, na ule umeketi.

Jina nimeliacha kama nilivyolikuta. Sikugusa herufi hata moja.

Ni mimi,
Dada yako