Pojo za Mwenye Nyumba

Mama mpendwa,

Hapo Maungu jua bado linawachoma? Huku Maralal baridi imenivalisha sweta mbili.

Leo tumeingia nyumba aliyoishi rais wetu wa kwanza, ambayo imehifadhiwa kama makumbusho. Nilikuwa na kikapu chako cha pojo. Unakumbuka nilivyokukatalia, nikisema makumbusho hayapelekewi pojo? Ukasema nyumba ni nyumba, kwa mtu huingii mikono mitupu. Sasa mlinzi wa langoni akauliza hizi pojo ni za nani. Nikajibu kwa aibu, "Za mwenye nyumba." Wenzangu wa safari walicheka hadi wakashika mbavu.

Mama anayetunza nyumba hakucheka. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Watu huja hapa kuangalia. Wewe umekuja kama mgeni." Akanipeleka kwake nyuma ya nyumba, akanipikia chai, na kikapu chako akakijaza viazi vya shamba lake.

Asante, Mama, kwa kunishinda. Mungu akuweke, ule hivi viazi nikiwa hapo. Sote tumeiona nyumba ya rais, lakini ni mimi tu niliyekaribishwa.

Mwanao mbishi,
Mkawasi