Nyumba ya Mbele

Jumatatu, 8 Machi 1993

Nimetoka kufundisha alasiri. Kisimani foleni, maji machafu tena. Funga ya Ramadhani inanibana kichwa. Mama Kemisa, mke mwenzangu, ametumia kuni zangu zote bila kuomba. Nilipouliza akasema kuni hazina jina. Nimechoka kumjibu.

Leo wamekuja watu wa barabara, wawili, na kopo la rangi nyekundu. Walipima kutoka katikati ya njia mpaka uani kwetu. Wakachora msalaba kwenye ukuta wa nyumba ya mbele. Nyumba yangu ya nyuma wakaipita bila kuitazama.

Marehemu mume wetu alitupanga hivyo. Mke mkubwa mbele, mlango wake ukitazama barabara ya Arua. Mimi mdogo nyuma, natazama mihogo. Alipokufa tukabaki palepale alipotuweka. Wajane wawili, uwanja mmoja, maneno machache na mabaya.

Mama Kemisa alikwangua ile rangi kwa kisu mpaka adhana ya magharibi. Haikutoka.

Alhamisi, 11 Machi

Mkutano shuleni kwetu. Mhandisi kutoka Kampala, kijana, viatu safi. Lami, alisema. Kutoka Arua mpaka Koboko, halafu mpaka mpakani. Arua nayo itapata uwanja mpya wa michezo. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nani hapa hajawahi kulala njiani na lori lililozama tope?

Nyumba zote zenye rangi zivunjwe baada ya Idi. Fidia itafuata.

Jioni Mzee Taban, mwenye duka ng'ambo ya barabara, alikuwa tayari juu ya paa anang'oa mabati. Anahamia mjini Koboko na mke wake.

Jumatano, 24 Machi

Idi. Tumekula pamoja, mimi na Mama Kemisa, kwa sababu Idi haigombani na mtu. Alipika kisra, ile mikate ya mtama, nyembamba kama karatasi. Anajua kupika, Mungu ananishuhudia, sijawahi kumwambia.

Baada ya chai nilimwambia ahamie kwangu. Kuna chumba. Alicheka kwa pua.

"Mimi nakuja kwa huyu mwanaume kwanza," alisema. "Weye nakuja nyuma. Mimi hapana lala kwa nyumba ya mudogo."

Moyoni nilishukuru. Nimeshafanya wajibu wangu, amekataa mwenyewe.

Ijumaa, 2 Aprili

Katapila limekuja asubuhi. Nilimwachia mwalimu mwenzangu darasa nikakaa nyumbani.

Nyumba haikuchukua muda. Ukuta wa jikoni, ukuta wa chumba, paa likakaa chini kama mtu aliyechoka. Mama Kemisa alikuwa juu ya sanduku lake, ameipa nyumba mgongo. Hakugeuka hata vumbi lilipomfunika. Nilimletea maji. Alinawa uso, akanirudishia kopo.

Mchana alipanda lori la Yusufu, anayepeleka mkaa Arua. Anakwenda kwa binti yake, Kemisa. Hakuaga. Sikumkimbilia.

Jumapili, 4 Aprili

Miaka yote nimeomba huyu mwanamke aondoke. Ameondoka. Nilidhani nitalala vizuri.

Uwanja mkubwa mno. Nasikia mpaka kuku wakikwaruza.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Upande huu wa barabara hakuna jirani hata mmoja, wote wamehama. Walioacha migomba wanakuja mchana kukata, wanaondoka. Nikifunga shule siongei na mtu mpaka kesho yake. Leo nilisema "Haya basi" kwa sauti na nikashtuka.

Napika chakula kingi. Mkono umezoea watu wawili. Kinachobaki nampa mbwa wa Taban, ambaye amekataa kuhama.

Nawaza Zaire. Tulipokimbia mwaka ule wa vita, mimi bibi harusi mwenye homa, Mama Kemisa alibeba mtoto wake mgongoni na godoro langu kichwani. Mwanangu alizaliwa huko na akafa huko. Mimi sikuweza kumgusa. Mama Kemisa ndiye aliyemwosha, akamfunga vizuri, akamwita kwa jina lake mpaka mwisho. Kisha tuliporudi nyumbani tukaanza tena kugombea kuni.

Alhamisi, 13 Mei

Mashine zimesimama. Tangu wiki iliyopita hakuna sauti. Katapila lipo palepale mbele ya kifusi cha nyumba, majani yanapanda kwenye minyororo yake.

Dereva wake alikuja kuomba maji ya kunywa. Nilimuuliza.

"Mafuta hapana," alisema. "Wakubwa nasema ngoja. Sisi nangoja."

Nilimpa na muhogo wa kuchemsha. Alikaa kidogo. Tuliongea habari za mvua. Alipoondoka niliona nilikuwa nimevaa leso nzuri. Ajabu. Kwa dereva wa katapila!

Jumanne, 1 Juni

Idi Kubwa. Nimeoga, nimevaa, nimekaa.

Mke wa Taban ameniletea nyama kutoka mjini. Mwanamke mwema. Alikaa dakika chache, ana wageni. Nyama nimeipika, nimekula vipande viwili. Haikuwa na ladha.

Wiki mbili zilizopita nilimtuma Yusufu amsalimie Mama Kemisa, amwambie aje Idi. Yusufu alifikisha. Hakuna jibu. Hata "sitaki" hakusema. Namchukia. Ana mtoto, ana wajukuu, amekaa katikati yao anakula kwa mikono yote miwili. Mimi hapa ni kama kinu kilichosahauliwa nje.

Jumatatu, 14 Juni

Mhandisi alirudi leo. Peke yake, viatu vimechafuka. Alikusanya wazee na walimu darasani kwangu, akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kidevuni.

Pesa zimepunguzwa. Lami itaishia mbali, huko karibu na Arua. Upande wetu watamwaga changarawe tu, juu ya njia ileile, upana uleule. Uwanja wa michezo wa Arua nao umesimama.

Nikauliza, na nyumba zilizovunjwa? Akasema ilikuwa mipango ya awali. Nikauliza fidia. Akasema suala hilo liko mezani. Nikauliza meza ya nani. Mwalimu mkuu akakohoa ili ninyamaze.

Nimerudi nyumbani nikasimama juu ya kifusi. Toka hapo mpaka ukingo wa barabara ungeweza kulima shamba zima la maharage. Hakuna gari ambalo lingegusa nyumba ile. Hakuna hata baiskeli.

Nimelia kwa hasira. Na kwa aibu, maana yeye hajui. Yuko Arua anadhani lami inapita mahali alipokuwa akilala.

Jumatano, 23 Juni

Wamepakia mashine kwenye trela. Watoto wa shule wamepiga kelele kama siku ya sherehe. Dereva wa katapila alinipungia mkono. Kambi yao imebaki mashimo na makopo.

Sasa ni kimya cha kweli.

Jumamosi, 3 Julai

Nimekwenda Arua na Yusufu. Nimekaa mbele, magunia ya mkaa nyuma. Njia mbaya, hasa pale walipochimba na kuacha. Karibu na Ombaci, nje kidogo ya Arua, lami ikaanza ghafla, nyeusi, laini, na Yusufu akacheka mwenyewe kama mtoto. Ikaisha kabla hajamaliza kucheka.

Nilipita kwenye ule uwanja. Ukuta upande mmoja, chuma kimepanda kutu, mbuzi ndani.

Nyumba ya Kemisa iko chini ya kilima, vyumba viwili na stoo. Kemisa alinipokea vizuri, akanionyesha stoo. Mama yake analala humo, baiskeli ya mkwe upande huu, unga upande ule. Nilikuwa nimejaza kichwa picha ya mwanamke anayekula kwa mikono miwili. Nikamkuta amekonda, amekaa kwenye kigoda, mikono haina kazi. Kule kwetu sijawahi kuona mikono yake bila kazi.

"Nani nakufa?" ndilo alilouliza kwanza.

Nikasema hakuna, nimekuja kumwona. Hakuamini. Tukanywa chai. Akauliza barabara imefika wapi. Nilikuwa nimejipanga kusema polepole, nikasema yote kwa pumzi moja. Haiji. Pesa zimekatwa. Njia itabaki ileile.

Alishika kikombe mpaka chai ikaota utando.

"Basi nyumba yangu nakufa bure," alisema.

Nikasema turudi nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Nililiona kosa likitoka mdomoni. Uso wake ukafunga.

"Mimi iko muke mukubwa," alisema. "Hapana lala kwako kama mugeni. Mutu akiuliza, mimi nasema nini? Mudogo nanihurumia? Heri hapa. Hapa iko mutoto yangu."

Nilimwambia ana kiburi. Akasema mimi nina nyumba.

Jumapili, 4 Julai

Nimerudi. Kuku mmoja ameliwa na mnyama.

Yote niliyotaka kusema yamekuja njiani, nikiwa na Yusufu na mkaa. Kwamba jioni nasikia hatua zake. Kwamba sijui kutengeneza kisra. Kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua mwanangu aliitwa nani. Sikusema hata moja. Nilimwita mwenye kiburi, naye amekonda vile.

Jumanne, 20 Julai

Nimefikiri sana. Nimefanya hivi.

Chumba kikubwa nimekitoa vitu vyangu vyote. Nimepaka kuta udongo mpya. Kitanda nimekiacha, ni cha marehemu, kilistahili kuwa kwake tangu mwanzo. Mimi nimehamia kile chumba kidogo cha kuwekea majembe, na mkeka.

Kisha nikampa Yusufu maneno, nikamfanya ayarudie mbele yangu: "Nyumba ni ya Mama Kemisa. Rukia hana nyumba. Anaomba kwa mke mkubwa mahali pa kulala."

Yusufu alinitazama. Akasema, "Mwalimu, weye nakuwa mugonjwa?" Nikamwambia ayapeleke kama yalivyo.

Jumatano, 28 Julai

Hakuna jibu. Yusufu anasema alisikiliza, akatema mate, akaendelea kuchambua mchele.

Changarawe imefika. Malori matatu, wanamwaga, wanasawazisha. Kazi ya siku chache. Barabara imekuwa nyekundu na nzuri kidogo. Hiyo ndiyo yote.

Ijumaa, 6 Agosti

Shule imefungwa. Nilikuwa nafua.

Lori likasimama. Akashuka kinyumenyume, Yusufu akamshushia sanduku. Alitazama kifusi kwa muda mrefu. Majani juu yake yameshafika magotini. Akaokota kipande cha tofali, akakitazama, akakitupa. Akaja.

"Nakuja kung'oa karanga," alisema. "Karanga yangu. Mimi napanda."

Nikasema ndiyo, zile za Machi zimekomaa.

Alinipita. Akasukuma mlango, akaingia. Nilisikia akitembea ndani, akifungua dirisha, akilifunga, akiguna. Mikono yangu ilikuwa imejaa sabuni. Nikaifuta. Sikujua nifanye nini, kisha nikajua. Nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama nje ya nyumba niliyolala humo miaka yote hii, nikasema hodi.

Kimya. Nikadhani hakusikia. Nikasema mara ya pili. Alikuwa anataka nisubiri na mimi nikasubiri. Kuku walipita kati ya miguu yangu.

"Nani?" aliuliza.

"Rukia."

"Rukia gani?"

"Mdogo wako."

Nikasikia kitanda kikilia. Alikuwa amekaa.

"Karibu," alisema. "Pita ndani. Iko nafasi."

Nikaingia. Sikulia mpaka nilipofika chumba cha majembe.

Jumamosi, 14 Agosti

Tumemaliza karanga. Nyingi zimeoza chini, amenilaumu, ana haki. Mgongo unaniuma.

Anakoroma. Hilo nilikuwa silijui, nyumba mbili zilikuwa zimelificha. Anasema unga wangu una mchanga. Jana alimwambia mke wa Taban, mbele yangu, kwamba amenipa chumba kwa sababu sina mtu. Nikainamisha kichwa kama ilivyo adabu.

Mvua imenyesha mchana. Tulikaa barazani tunachambua, yeye kwenye kigoda, mimi chini. Maji yalikuwa yanakokota changarawe mpya kuelekea bondeni. Alipoona baridi inanishika alinitupia shuka lake begani, akaendelea na karanga.

Hajasema atarudi Arua lini. Mimi siulizi.