Ziwa Katika Lenzi ya Sabini na Tano

Uvira, Songo, tarehe 9 Mei 2024

Yaya Ildephonse, kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Bénédicte na watoto wote. Baridi ya Liège imewaachia? Na mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Mume wangu Emery bado anafundisha, ingawa darasa lake limehamia kanisani tangu maji yaingie shuleni. Watoto wazima, wanakula kama nzige. Mama naye yuko, nitamfikia. Barua hii anakuletea Toussaint, anayepanda ndege kesho Bujumbura. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, tena peke yako.

Najua utajiuliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Ni kweli ipo, lakini kila ukipiga nimekuwa nikikujibu kwamba tuko salama, na ulimi ukishazoea njia yake kuurudisha ni kazi. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Turudi mwezi wa pili. Ulikuwa umechoshwa na picha za simu, kila mtu akikutumia mafuriko yake na kelele zake, hujui umwamini nani. Ukaniagiza nipige picha nyumbani kwa Mama kwa kamera ya Baba, ile kubwa ya mbao yenye kitambaa cheusi, kwa sababu hiyo, ulisema, haikuzoea kudanganya. Ukishaiona ndipo ungeamua: ama Mama apande akae kwangu huku Songo na mifupa ya Baba ihamishwe, ama abaki palepale pwani. Wewe ndiwe mkubwa. Tangu Baba afe Mama hatii neno la mtu mwingine, na sisi wengine tunajua hivyo bila kuambiwa.

Basi nikashuka na lenzi zote tatu. Wewe ulizoea kubeba miguu ya kamera na kununa, hukuwahi kusikiliza masomo, kwa hiyo nivumilie kidogo. Ya milimita mia moja hamsini inaona karibu kama mtu anavyoona. Ya tisini ni pana. Baba aliitumia ndani ya kanisa, na kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakijipanga safu nne. Ya sabini na tano ni pana kuliko zote, na Baba mwenyewe aliiogopa. Usipoangalia inatia giza kwenye pembe, na watu wa pembeni inawanenepesha. Alikuwa akinitania kwamba hiyo ni lenzi ya kukosana na wake wa mashemasi.

Ila alinifundisha jambo moja ambalo wapigapicha wengi hawalijui. Lenzi haihamishi kitu. Kinachohamisha ni miguu yako. Ukiwa na ndefu, ile ya mia moja hamsini, lazima urudi nyuma mpaka barabarani ndipo nyumba ienee. Ukiwa na fupi, ile ya sabini na tano, unasogea hadi karibu na mlango na nyumba inaenea vilevile, lakini vilivyo nyuma yake vinakuwa vidogo na kwenda mbali.

Zilikuwa zimebaki filamu mbili katika boksi ulilonitumia. Nikatumia moja. Uliipata picha: ukuta wa nyumba, uwanja mpana, msalaba wa kaburi la Baba ukiwa mdogo kule nyuma, na ziwa kama uzi. Ukaniuliza ni lenzi gani, nikakujibu ya mia moja hamsini. Ulifurahi, nilisikia hata kwenye sauti. Ukasema maji bado iko mbali, Mama abaki, na mwezi wa saba ungekuja ujenge ukuta.

Sasa nikwambie ya leo. Maji yamepita kaburi, Yaya. Kinachoonekana ni mikono ya msalaba tu. Jikoni wanaingia samaki wadogo, na Placide jirani yetu anafunga mtumbwi wake kwenye nguzo ya baraza ya Mama. Kitanda chake tumekiinua kwa matofali, safu mbili kwanza, sasa tano, na anapanda kwa kuvutwa. Miguu imemvimba. Kipindupindu kimeshaingia nyumba ya tatu kutoka kwake. Emery amembembeleza, mchungaji amemwombea, Placide amejitolea kumbeba mgongoni. Wote anawaonyesha picha. Ameitundika ukutani, juu kidogo ya alama ya maji, na anawaambia:

“Mutoto wangu mukubwa aliiona, akasema maji iko mbali. Miye njo nani wa kumubishia?”

Yaya, picha ile niliipiga kwa lenzi ya sabini na tano.

Kwanza nilisimama barabarani na ya mia moja hamsini, kama Baba angefanya. Nikajifunika kitambaa. Unakumbuka kwenye kioo kila kitu kinasimama kichwa chini. Paa lilikuwa chini na ziwa juu, limeegemea msalaba, na mimi mwenyewe niliogopa. Kutoka kaburini hadi majini zilikuwa hatua kumi na nane, nilizihesabu. Nikiwa bado chini ya kitambaa Mama akaniletea chai, akaniuliza polepole:

“Georgette, iyo mashini ya baba yako haiwezi kusukuma ziwa kidogo? Siwezi kumuacha baba yenu peke yake mu maji.”

Nikasema inaweza. Nikabadilisha lenzi, nikasogea hadi karibu na mlango. Ningependa niishie hapo, nikwambie nilimhurumia mama yetu, na ni kweli nilimhurumia. Lakini Mama aliomba, na mimi nilikuwa nasubiri kuombwa. Tuna vyumba viwili na watoto watano. Tangu uliposema apande kwangu nilikuwa napima kwa macho kitanda chake kitakaa wapi, na sikupata mahali. Nina aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Wiki iliyopita nilimwungamia. Niliingia na maji hadi magotini, nikamwambia kwamba picha si ya kweli, kwamba ni mimi nilisogea. Akaitazama ukutani, kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote. Akasema:

“Kamera ya baba yako haijasema bongo, haijadanganya mutu, hata siku moja.”

Sijui kama amesahau aliyoniomba au anakumbuka vizuri sana. Nimelitafuta jibu usoni mwake, sikuliona.

Jana nilipiga filamu ya mwisho, kwa ya mia moja hamsini, nikiwa barabarani. Safari hii hata barabarani maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Negatifu yake iko ndani ya bahasha, ikinge na jua. Hiyo ni yako wewe. Mama hataki kuiangalia.

Ninachokuomba ni kimoja. Kwenye simu hasikii tena vizuri, na maneno yako nikimrudishia anasema nimeyatunga. Mwandiko wako anaujua. Mwandikie kwamba amri ni ahame leo, na kwamba ni wewe uliyeiangalia picha vibaya. Kosa ulibebe wewe, Yaya, nisamehe. Langu hatalisadiki, na lako atalitii. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu unitumie siku hiyohiyo, kwa sababu matofali yamekwisha, na mimi sina neno lingine la kumwambia.

Emery anakusalimu, Placide vilevile, na watoto wanauliza utakuja lini. Mama nimemwambia kwamba nakuandikia. Anakusalimu kwa upendo mwingi, na anasema usijisumbue na ule ukuta, maji ingali mbali.

Ni mimi mdogo wako,
Georgette